Ubao Uliopigwa Lipu

Ukuta wa nyumba ya Mzee Brashi hauna tundu hata moja. Msumari ukitoka tu, yeye huyo na jasi yake, ile lipu nyeupe ya kuzibia mashimo. Ndiyo kazi yake, kupaka rangi nyumba za watu. Akiona kitu kimebonyea, mikono inamwasha.

Sasa binti yake ana ubao wa kuteleza juu ya mawimbi. Umejaa vibonyeo pale anapokanyaga na kupiga magoti. Jumamosi ya wiki ijayo atajaribiwa ufukweni. Akifaulu, ataajiriwa kufundisha wengine. Lakini lazima aende na ubao wake, na hana mwingine.

"Mwanangu hawezi kwenda na ubao wenye ndui," Mzee Brashi alijisemea. Binti alipotoka, baba akakandika jasi kila kibonyeo, akapiga msasa, akapaka rangi. Ubao ukang'aa! Akamsubiri mlangoni kama bwana harusi.

Binti alifurahi, akamkumbatia. Lakini kesho yake alirudi kutoka baharini akiukokota ubao, uso umemshuka.

"Baba, mbona umekuwa mzito? Unazama upande mmoja! Umeufanya nini jamani?"

"Nimeziba vibonyeo tu, mwanangu."

"Kwa kutumia nini?"

"Jasi."

Binti akashika kichwa. Machozi yakamlenga. "Basi tena. Kazi imekwenda na maji."

Mzee Brashi alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaubeba ubao mwenyewe begani, moja kwa moja hadi karakana ya jirani yao, Mama Faiba. Huyu ni fundi wa mashua na mbao za mawimbi. Binti alifuata nyuma.

Mama Faiba alikwangua rangi kidogo, akacheka mpaka akaketi. "Mzee, umeupiga lipu ubao! Ulitaka kuupangisha?"

"Nicheke utakavyo, fundi mwenzangu. Niambie kwanza, utapona?"

"Ngoja tumwone mgonjwa."

Alitoa jasi yote, akakwangua pia nta inayopakwa juu ya ubao miguu isiteleze. Kisha akapitisha ukucha taratibu juu ya kila kibonyeo.

"Faiba, hili ganda gumu la juu, ndiyo ngozi ya ubao," alisema. "Ukucha ukipita bila kukwama, na huoni ufa, ngozi ni nzima. Maji hayaingii. Kibonyeo hicho kiacheni, hakina neno. Ni nyayo za binti yako tu."

Karibu na mkia, ukucha ukakwama. Akabonyeza. Tone la maji likachungulia.

"Huyu hapa mwizi! Ufa huu ulikuwapo kabla yako, mzee. Ila jasi inakunywa maji. Imeyavuta mpaka kwenye povu la ndani, ule moyo mwepesi unaoufanya ubao uelee. Na rangi yako ikaficha ufa, binti asiuone."

"Kwa hiyo nimeuua?" aliuliza Mzee Brashi.

"Wala. Mmewahi. Mngechelewa, povu lingeharibika na faiba ingebanduka."

Mzee Brashi alishusha pumzi ndefu. Akakaa juu ya ndoo.

"Basi tuzibe leo leo," alisema.

"Taratibu! Ukiziba maji yakiwa ndani, umemfungia mwizi nyumbani. Uacheni hapa ukauke, kivulini penye upepo, ufa ukitazama chini. Msiuanike juani. Jua kali nalo hubandua faiba."

Ubao ulipokauka kabisa, waliitwa. Mama Faiba alifungua milango, akavaa glavu na barakoa. Alikata faiba iliyopasuka, akapiga msasa. Akachanganya rezini, ile gundi inayoganda ikawa ngumu, na unga mwepesi wa kujazia. Akajaza shimo. Juu akalaza kitambaa cha faiba, akakilowesha rezini.

"Rezini si zote sawa," alisema. "Nyingine huyeyusha povu. Ulizeni kwanza ubao wenu una povu gani, ndipo mnunue."

Rezini ilipoganda, msasa wa mwisho alimwachia Mzee Brashi. Hapo ndipo kwake! Aliusugua mpaka mkono haukujua ufa ulikuwa wapi.

Jumamosi alisimama ufukweni, vidole mdomoni. Binti alipiga makasia kwa mikono, akasimama. Ubao ukateleza mwepesi hadi karibu na mchanga. Baadaye akaja mbio.

"Baba! Nimepata! Naanza Jumatatu!"

Baba akamkumbatia, shati likalowa chapachapa. Hakujali. Kisha macho yake yakaangukia kibonyeo kipya. Mikono ikaanza kumwasha.

"Baba..." binti alimwonya.

"Jasi siitaji hata jina," alisema Mzee Brashi. "Nikopeshe ukucha wako tu. Vidole vyangu havina kitu, kucha nimezitafuna zote."

Binti akacheka, akapitisha ukucha wake. Ulipita bila kukwama.

"Hakina neno," alisema baba. "Twende nyumbani."