Ufunguo Mmoja, Milango Minne

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita, watu kumi na mmoja ndani, na aliyekanyagwa mguu alikuwa binti mwenye viatu vyekundu, vipya siku hiyohiyo.

"Samahani, dada. Naitengeneza sasa hivi."

"Nani, wewe?" Akamkagua: ovaroli ya buluu, harufu ya grisi, ufunguo wa pembetatu shingoni.

"Mimi ndiye fundi wa lifti. Nilikuwa naijaribu."

"Ukajifungia humohumo! Kweli mganga hajigangi."

Lifti nzima ikaangua kicheko. Walipotoka, fundi alijitetea. "Jengo limekua, lifti ni ileile moja. Wangeweka nne, na mtu wa kuwagawa abiria pale chini. Zote ningezifungua kwa ufunguo huu mmoja."

Alipojua kazi ya binti, akambandika jina la Bawabu. Bawabu alitunza kompyuta iitwayo daraja: waliofungiwa mtandao kwao walipitia hapo kwa siri, na hakuna aliyeweza kuwatambua, hata yeye mwenyewe.

Penzi lilikuwa na miezi mitatu fundi alipopelekwa kazini ng'ambo ya mpaka. Bawabu alimwekea programu kwenye simu: "Ukifungiwa, laazizi, pita kwangu." Haikuchukua wiki mbili, wakubwa wa huko wakafunga mtandao na mpaka pia. Wapitaji wa daraja wakaruka kutoka elfu mbili hadi elfu arobaini, na kompyuta ikalemewa. Hapo Bawabu akakumbuka lifti. Akaweka nakala nne za programu ya daraja, zenye utambulisho mmoja, na mbele yazo kigawanyi cha kupeleka kila mgeni kwenye nakala yenye nafasi.

Daraja likapumua, lakini Bawabu hakupumua. Likianguka, hakuna wa kuliinua ila yeye. Alikula amesimama, dirisha likitazama ukuta, viatu vyekundu vikishika vumbi mlangoni.

"Unaipenda mashine hiyo kuliko mimi," fundi alilalamika siku moja simuni.

"Nikiiacha, utaongea na nani?" alijibu kwa hasira, akakata.

Kesho yake fundi hakupiga. Wala keshokutwa. Siku ya sita dada yake Bawabu alimletea chakula, akamwangalia alivyokonda.

"Asiyekuwapo na lake halipo, mdogo wangu. Huyo kashahama."

Bawabu akalia waziwazi. Machozi yangali yanamtoka akatazama tena hesabu za wapitaji: tangu siku fundi alipoacha kupiga, wanaobisha ni idadi ileile, ila wengi wanarudishwa mlangoni. Ufunguo mmoja! Akafungua nakala moja baada ya nyingine. Programu ilikuwa na desturi ya kubadili kufuli kila baada ya wiki nne, na kila nakala ilikuwa imebadili kivyake. Mgeni alikuja na ufunguo wa nakala hii, kigawanyi kikampeleka kwa ile.

"Mjinga mimi," alisema, akazirudisha zote kwenye kufuli moja na kuzizuia zisibadili tena.

Wapitaji wakaanza kupanda. Elfu kumi. Elfu thelathini. Huenda mmoja wao ni yeye. Hakuwa na njia ya kujua, na mwenyewe ndiye aliyehakikisha hivyo. Simu ikalia.

"Umeninunia siku sita!" Bawabu akafoka.

"Kununa? Nimebisha mpaka kidole kimevimba! Nikajua umenifungia kwa yale maneno yangu."

"Nikufungie vipi, kipenzi? Hata sikuoni."

Fundi akashusha sauti. "Mpaka bado umefungwa. Sijui nitatoka lini."

"Hata mimi sitoki humu."

"Basi nakuuliza hapahapa tulipokwama. Utakubali nikuoe?"

Bawabu akafuta uso kwa kiganja. "Nakubali."

Kimya. Akaangalia daraja: bado limesimama imara.

"Umesikia? Nakubali! Nakubali, we fundi!"

"Nilisikia ile ya kwanza," ikaja sauti, ikicheka na kulia. "Nilitaka kuisikia tena."