Saa za Bure za Edie

Uji ulikuwa kwenye nywele za Edie, kwenye kiti chake, na kwenye kioo cha dirisha. Lorna Sugden aliuona, akauacha hapohapo. Asubuhi hiyo hakuwa na moyo wa kufuta kitu. Alikuwa ameshika barua, na barua ile ilikuwa imempandisha hasira tangu alipoifungua.

"Isome tena," alimwambia mumewe.

Callum alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu kwenye kiwanda cha mikate. Nyusi zake zilikuwa bado na unga. Aliishika ile barua ya kituo cha watoto, akasoma polepole.

"Mtoto atapata saa thelathini za bure kwa wiki, kwa sharti kwamba wazazi watalipa pauni kumi na tisa kila siku, kwa ajili ya chakula na vifaa."

"Bure kwa sharti la kulipa," alisema Lorna. "Hiyo ni bure ya wapi, Callum? Na vifaa gani? Mtoto ana miezi kumi na moja. Anakula ndizi, anatafuna viatu."

Callum hakucheka. Alikuwa anaangalia sakafu, na Lorna alimjua mumewe. Alipoangalia sakafu hivyo, palikuwa na jambo.

"Sema."

"Ile fomu nyingine," alisema Callum. "Ya kukubali hayo malipo. Nimeshatia saini. Siku ile nilipokwenda kukiona kituo."

"Umetia saini bila kuniuliza?"

"Bi Philippa, yule meneja wa kituo, alinipa chai. Akanipa na biskuti. Halafu akanisogezea kalamu. Ningesemaje, mke wangu? Mama wa watu ni mpole. Niliona aibu."

Lorna alifumba macho. Watu wa Keighley, mji wao wa kaskazini mwa Uingereza, ndivyo walivyo. Mtu atakanyagwa mguu dukani, na yeye ndiye atakayeomba radhi. Chakula cha hotelini kitakuja kibichi, naye atamwambia mhudumu kwamba ni kitamu sana. Callum alilelewa hivyo, na baba yake alilelewa hivyo. Kwao, kuuliza bei mbele ya watu ni utovu wa adabu.

Lakini Lorna alikuwa fundi wa boila. Kwa miaka tisa alikuwa ameingia nyumba za watu kutengeneza mitambo inayopasha moto maji na vyumba. Likizo yake ya uzazi ilikuwa inakwisha katikati ya Septemba. Baridi ikianza, simu za wateja hazikatiki, na bosi wake, Trevor, alitaka jibu ifikapo Ijumaa. Je, anarudi, au atafutwe fundi mwingine?

Lorna alikuwa amepiga hesabu mara tatu. Kwa malipo yale, pamoja na saa za ziada za kulipia, sehemu kubwa ya mshahara wake ingeishia kituoni. Vituo vingine viwili vya karibu vilikuwa vimejaa.

"Basi nitamwambia Trevor sirudi," alisema. "Miaka tisa. Nimeungua mikono, nimelala chini ya masinki ya watu. Niache yote kwa sababu ya biskuti."

Lorna alichukua begi lake la spana, akambeba Edie, akatoka.

Jirani yao, Nusrat, alikuwa na boila iliyokuwa ikilia usiku. Lorna alikuwa amemwahidi kuiangalia. Alimweka Edie juu ya zulia la jikoni, akafungua kifuniko cha boila, na kazi ikaanza kwa kishindo.

Nusrat alikuja kusimama mlangoni na birika mkononi. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani kwenye kamba shingoni. Kwa miaka mingi alikuwa akifanya kazi halmashauri, kwenye ofisi inayowaelekeza wazazi.

"Lorna mwanangu," alisema, "huyo unayempiga ni boila yangu au ni mtu mwingine?"

Lorna aliteremsha spana. Alitaka kucheka, akalia. Kisha akaeleza yote: barua, sharti, kalamu, Trevor. Nusrat alivaa miwani akaisoma barua mpaka mwisho. Alipomaliza, na yeye alikuwa amekasirika.

"Hawana ruhusa ya kukulazimisha hivi," alisema. "Hebu kaa. Acha hiyo spana, unanitisha."

Lorna alikaa.

"Hapa Uingereza serikali hulipia saa," alisema Nusrat. "Hailipii chakula, wala nepi, wala krimu ya kukinga ngozi na jua. Kwa hiyo kituo kinaweza kukuomba uchangie vitu hivyo. Kukuomba. Hakiwezi kusema usipolipa, mtoto hana nafasi. Ukisema hutaki, lazima wakupe njia nyingine. Kwa mfano, unamfungia mtoto chakula chako na nepi zako."

"Na fomu aliyotia saini Callum?"

"Mwandikie meneja. Mwambie hamtaki tena hayo malipo ya hiari, na mwombe ankara inayoonyesha kila kitu peke yake. Saa za bure hapa, saa za kulipia pale, chakula pale, vifaa pale. Wanatakiwa kukupa. Wakikataa, ulete malalamiko halmashauri. Ni wajibu wetu kufuatilia." Akamtazama Lorna juu ya miwani. "Namba yako maalumu umeshapata?"

"Namba gani?"

"Mungu wangu. Hujaomba?"

"Si kituo ndicho kinaomba?"

"Kituo hakiombi kitu, mwanangu. Unaomba wewe, kwenye tovuti ya serikali. Ukikubaliwa unapewa namba, unawapelekea kituo. Na kama unataka aanze Septemba, namba iwe mkononi kabla ya Agosti kwisha. Ukichelewa siku moja, unangoja mpaka Januari."

Lorna aliangalia kalenda ukutani. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Kumbe alikuwa anagombana juu ya chakula, na hata mlango wenyewe hakuwa ameufungua.

"Kwa nini hakuna aliyeniambia?" alisema. "Wameandika bure kwa herufi kubwa kwenye mabango ya stendi. Hiyo ya namba wameiandika wapi?"

"Ndiyo maana nina kazi," alisema Nusrat. "Toa simu."

Waliomba palepale mezani, huku Edie akipiga sufuria kwa mwiko. Nusrat aliuliza, Lorna akajibu. Wazazi wote wawili wana kazi? Ndiyo, na mimi narudi Septemba. Kila mmoja anapata angalau kima cha chini cha mshahara kwa saa kumi na sita za kazi kila wiki? Ndiyo. Kuna anayepata zaidi ya pauni laki moja kwa mwaka?

"Muulize Callum," alisema Lorna. "Labda mikate inalipa kuliko anavyoniambia."

Nusrat alicheka, kisha akaendelea. "Sikiliza na hili. Saa thelathini ni za wiki thelathini na nane tu, zile za muhula wa shule. Ukitaka kituo kizitandaze mwaka mzima, zinakuwa kama ishirini na mbili kwa wiki. Zinazobaki unalipa mwenyewe. Lakini kuna akaunti ya serikali ya malezi. Kila ukiweka pauni nane, serikali inaongeza mbili, mpaka kikomo chake. Mnapokea msaada wowote wa kipato?"

"Hapana."

"Basi ifungue. Mngekuwa mnapokea, ningekuambia ngoja kwanza, upate ushauri. Huwezi kupata vyote viwili, na watu wameumia hapo. Na kila baada ya miezi mitatu, rudi kwenye tovuti uthibitishe kwamba bado mnafanya kazi. Usiposema, namba inakufa."

Lorna aliandika yote nyuma ya barua ya Bi Philippa. Namba ilifika siku iliyofuata.

Jumatano alikwenda kituoni. Callum alisema atakwenda naye.

Bi Philippa Crowther aliwakaribisha ofisini kwa tabasamu. Birika lilikuwa tayari.

"Chai?"

"Hapana, asante," alisema Callum. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Lorna aliweka barua mezani. Alisema wanataka nafasi ya Edie bila malipo ya chakula na vifaa, na kwamba wataleta vyao. Alisema wanataka ankara yenye kila kitu peke yake.

"Wazazi wote wanalipa," alisema Bi Philippa. "Ndio utaratibu wetu. Na mume wako alikubali."

"Mimi natengeneza boila," alisema Lorna. "Nikija kwako, naandika: vali, bei hii. Pampu, bei hii. Saa mbili za kazi, bei hii. Nikikuandikia neno moja tu, vifaa, utanilipa?"

Bi Philippa alisogeza birika pembeni.

"Na nikikuambia sitawasha boila yako mpaka ununue pampu usiyoihitaji, utaniitaje?"

Tabasamu lilikwisha usoni pa Bi Philippa. Alipozungumza tena, alionekana mtu aliyechoka.

"Unajua serikali inanilipa nini kwa saa moja ya mtoto wako? Haitoshi. Nina wafanyakazi kumi na mmoja. Mwaka jana watatu wameacha, wamekwenda kupanga bidhaa dukani kwa sababu kule wanapata zaidi. Hizo pauni kumi na tisa ndizo zinalipa umeme wangu."

"Nakuamini," alisema Lorna. "Hilo nalo linanitia hasira. Wametangaza bure, wamekuachia wewe ulipie. Andika barua ya kuwalalamikia, mimi nitatia saini. Lakini deni la serikali usimpelekee mwanangu."

Hapo ndipo Callum alipojisogeza mbele kwenye kiti.

"Mama," alisema, "ile fomu niliitia saini kwa aibu. Ulikuwa mkarimu, nikashindwa kukataa. Leo nakataa. Naomba fomu nyingine."

Lorna alimtazama. Katika miaka sita ya ndoa hakuwahi kumsikia akisema neno hilo kwa mtu asiyemjua.

Bi Philippa alisema itabidi awaulize wenye kituo. Lorna alimwachia barua yenye maombi yao, pamoja na namba ya Edie. Nakala aliipeleka halmashauri siku ileile. Alhamisi ilipita bila jibu. Ijumaa asubuhi Trevor alipiga simu, na Lorna akamwomba mpaka saa kumi jioni. Saa tisa na dakika ishirini ujumbe uliingia. Nafasi ya Edie ilikuwa salama. Wazazi wanaruhusiwa kuleta chakula na nepi. Ankara zitabadilishwa.

Lorna alimpigia Trevor akiwa amekaa kwenye ngazi.

"Narudi," alisema.

"Wala sikuwa na wasiwasi," alisema Trevor. "Nilijua."

"Hukujua kitu, Trevor," alisema Lorna, akakata simu.

Siku ya kwanza ya Edie, Lorna alikuwa amevaa sare ya kazi. Kwenye mfuko wa mtoto kulikuwa na viazi vya kuponda, ndizi mbili, na nepi tano. Edie alilia mlangoni, akachukuliwa, akaona sanduku la matofali ya mbao, akanyamaza. Lorna alibaki nje akifuta macho yake.

Mama mwingine alikuwa amesimama karibu, kijana, na sare ya hospitali chini ya koti. Alikuwa anaangalia mahali mfuko ule ulipopitia.

"Samahani, dada," alisema. "Ule ulikuwa mfuko wa chakula? Wanakubali?"

"Wanakubali."

"Mimi nalipa kila siku. Mwaka wa pili sasa. Nimeacha zamu za Ijumaa, kwa sababu hayo malipo yalikuwa yanakula faida yake yote." Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba radhi. "Sikujua kwamba mtu anaweza kuuliza."

Hasira ilimrudia Lorna, ileile ya asubuhi ya barua. Aliangalia saa. Mteja wa kwanza alikuwa anamngoja saa mbili na nusu, na bado alikuwa na dakika ishirini.

"Unaitwa nani?"

"Shannon."

"Njoo, Shannon," alisema Lorna, akabonyeza kengele ya kituo kwa mara ya pili asubuhi ile. "Uliza wewe mwenyewe. Mimi nitasimama hapa nyuma yako."