Waya wa Mwenyekiti

Jumapili ile baada ya misa nyumba yetu ya Buhongwa ilikuwa na amani. Mke wangu Evelina alikuwa nje anakaanga vichwa vya sangara. Binti yetu Angela alikuwa anasuka mwanasesere wa majani ya mgomba. Mimi nilikaa mlangoni na gitaa la umeme mapajani, nalipiga hivyo hivyo bila umeme, na sauti yake ilikuwa ndogo kama nzi aliyefungiwa ndani ya kibiriti.

"Baba Angela," Evelina akaniambia, akilionyesha gitaa kwa mwiko, "huyo mke mwenzangu leo koo linamuuma?"

"Koo hana kabisa. Koo lake lilibaki kwa meneja."

"Basi mwache anyamaze. Tukianza kusema wote wawili hutatuweza."

Tulicheka. Ndugu zangu, nawaandikia mjue kwamba kwenye nyumba hiyo watu walikuwa wanacheka. Sasa hakuna.

Nilikuwa mpiga gitaa wa bendi ya kiwanda. Mchana tunakamua mafuta ya pamba, Jumamosi tunapiga muziki, na vyombo vyote ni mali ya kiwanda. Halafu ikaja miaka ya ruksa. Tulikusanywa uwanjani, mkubwa mmoja mwenye tai akatuambia kwamba milango ya uchumi imefunguliwa. Kweli ilifunguliwa, sisi tukatolewa nje kupitia humo humo. Kiinua mgongo changu nikapewa gitaa. Amplifaya na spika kubwa zikaenda kwenye baa ya meneja. Na gitaa la umeme bila amplifaya, ndugu msomaji, ni ulimi usio na kinywa.

Tukawa tunaishi kwa mikono ya Evelina. Alfajiri anatembea mpaka Igogo kwenye viwanda vya samaki, anagombania vichwa na mifupa ambayo Wazungu hawaitaki, anarudi vidole vimechanwa na miiba. Minofu inapanda ndege, sisi tunakula uso wa samaki. Waliotuuza hivyo wanajijua.

Ndipo akatokea Rwekaza, Mhaya mmoja aliyekuwa anafungua baa Nyegezi karibu na stendi ya mabasi. Nilimfuata nikamwomba kazi. Hakunificha.

"Ndugu Luhaga, mpiga gitaa ninamhitaji. Vyombo siwezi kununua. Anayekuja na sauti yake ndiye nitakayemwajiri. Nitakuja kwako Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nisikie kwa masikio yangu."

Nilipompelekea Evelina habari hiyo hakucheka. Aliangalia vidole vyake, kisha akasema, "Basi tumtafutie mke mwenzangu koo."

Koo tulilipata kwenye redio. Ilikuwa redio ya mbao, ya zamani, ile ya taa za kioo ndani, ambayo Evelina aliachiwa na baba yake. Nyuma ina matundu mawili ya kuchomeka mashine ya santuri. Nilikuwa nimesikia kwamba gitaa likichomekwa hapo linasema. Nikaipakia kwenye baiskeli mpaka kwa fundi Mutayoba pale senta, Evelina akanifuata, maana redio ni yake.

Mutayoba aliifungua, akaitazama kwa muda, akaguna.

"Itasema vizuri kuliko vyombo vya madukani," akasema. "Lakini ina ubaya wake. Redio hii haina transfoma. Hili bati la ndani limeungwa moja kwa moja na waya mmoja wa ukutani, na nyuzi za gitaa zitaungwa na bati hili hili. Ukichomeka plagi yake ya miguu miwili upande huu, nyuzi ni nyuzi. Ukiigeuza, umemshika mamba mdomoni."

"Dawa yake?" nikauliza.

"Transfoma ya kutenganisha. Ipo Nairobi, na bei yake ni ya Nairobi."

Evelina ndiye aliyeuliza, "Fundi, plagi si tunaweza kuiwekea alama isigeuzwe?"

Mutayoba alicheka, akasema mama huyu angesoma angekuwa hatari. Alikuja mpaka nyumbani na bisibisi yake ya kupimia, ile yenye kitaa ndani ya mpini, akapima matundu ya soketi yetu kujua lipi lina umeme. Evelina akaleta chupa yake ya rangi ya kucha, aliyokuwa akiitunza kwa ajili ya Pasaka, akapaka doa jekundu kwenye plagi na jingine ukutani. Jekundu kwa jekundu. Hata Angela alijua.

Kazi ya sauti ikaanza. Nawaeleza kwa sababu tuliifanya vizuri, na watu wasije wakasema tulikuwa tunacheza. Spika niliokota imechanika. Evelina alileta bondo la sangara, kile kibofu cha hewa cha tumboni, akalichemsha mpaka likawa gundi, tukabandika karatasi juu ya mpasuko. Ilipokauka ilikaza kama ngozi ya ngoma. Sanduku nikalipiga kwa mbao za kitanda chetu kibovu, ndani nikajaza pamba mbichi yenye mbegu zake, ili sauti isirudi nyuma kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Waya wa gitaa niliutoa kwenye waya wa antena ya televisheni, ule wenye wavu wa shaba kuzunguka, maana waya wa kawaida unaokota kelele zote za dunia.

Jambo moja nililijifunza kwenye bendi. Aliye ndani ya chumba na gitaa lake hudanganywa. Sauti lazima uisikilize kutoka nje, mbali, mahali atakapokaa msikilizaji. Kwa hiyo Evelina alikuwa anabaki ndani, anashika shingo ya gitaa kama nilivyomfundisha, anapiga nyuzi zote. Mimi nashuka mpaka kwenye jiwe kubwa chini ya nyumba, nasikiliza, namwambia kwa sauti ageuze kitufe gani au asogeze sanduku wapi.

"Jembamba bado," nasema kutoka jiweni.

"Nimlishe ugali?" anajibu kutoka ndani, na majirani wanacheka.

Sasa nawaleta kwa mwenyekiti wetu wa mtaa, Ndalahwa. Mita ya umeme kwenye mtaa wetu ilikuwa moja tu, ya kwake. Sisi wengine alituvutia waya kutoka nyumbani kwake, nyaya mbili zilizosokotwa, zinapita juu ya mawe na kwenye nguzo za miti. Tulikuwa tunamlipa kila mwezi, na juu ya malipo tulitakiwa tuwe na adabu.

Siku hizo hizo sauti ilipoanza kusikika mtaani alishinda tena uchaguzi wake, akataka nikapige gitaa kwenye sherehe yake, bure. Siku hiyo tulikuwa Buswelu tunamzika shangazi yake Evelina. Hakunisamehe. Tuliporudi tukakuta waya umekatwa karibu na ukuta wetu, ncha zinaning'inia. Tukamwendea, akasema umeme umepungua. Kwake freza ya bia ilikuwa inanguruma tunaisikia.

Tulikaa gizani na Jumamosi ya Rwekaza inakaribia. Mwisho Evelina akachukua vichwa vizuri vya siku hiyo, akaviweka kwenye sufuria, akavaa khanga safi, akaenda kwa Ndalahwa akapiga magoti.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba. Kumbe mnanijua. Nilidhani mnamjua Mhaya wa Nyegezi tu."

Alipokea samaki. Alhamisi akamtuma mpwa wake Masalu, kijana asiyejua umeme hata wa tochi, apande na kuunga. Mimi nilikuwa nimekwenda mnadani, niliporudi nikakuta taa inawaka na Evelina anaimba. Nikakumbuka maneno ya Mutayoba. Nikaenda kwa mwenyekiti, nikamkuta barazani na watu wake wanakunywa.

"Mwenyekiti, shukrani. Ila naomba kujua, zile nyaya mbili zimerudi kila mmoja kwa mwenzake wa zamani? Redio yangu inataka hivyo."

Ndalahwa aliwatazama wenzake kwanza. "Luhaga, taa inawaka haiwaki?"

"Inawaka."

"Sasa unataka nini, iimbe?"

Wakacheka. Nikasema nilikuwa nataka kupima tu.

"Mtu wa darasa la nne anataka kuupima umeme wangu. Masalu, umeunga vilevile?"

"Vilevile, mjomba."

"Umesikia. Sasa sema asante, au apande tena akate."

Nikasema asante.

Nilipotoka hapo nilikwenda kwa Mutayoba, nikakuta kibanda kimefungwa. Jirani yake akaniambia ameenda Bukoba kumzika baba yake mdogo, atarudi Jumatatu. Rwekaza anakuja Jumamosi. Wewe unayesoma, kabla hujanihukumu, niambie ningekwenda kwa nani. Mwenyekiti alikuwa ndiye serikali yetu, na serikali ilishasema vilevile.

Ijumaa mchana nilichomeka, jekundu kwa jekundu. Nikashika gitaa, nikapiga, sikusikia kitu kibaya. Nilikuwa na katambuga za tairi miguuni. Mpira ule ulinificha ukweli, na mimi sikujua kwamba ninafichwa.

Evelina alikuwa amepiga deki sakafu nzima kwa ajili ya mgeni wa kesho. Saruji ilikuwa bado na maji. Yeye alikuwa peku, khanga ameifunga kiunoni, furaha tupu.

"Shuka basi jiweni," akaniambia. "Leo namtongoza Mhaya kwa niaba yako."

"Sogeza sanduku pembeni kwanza, liguse ukuta. Halafu piga."

Nikashuka. Nikasimama juu ya jiwe, uso nimeelekeza ziwani, kama nilivyozoea. Nikamwambia, "Haya, mama Angela."

Sauti ikatoka. Ndugu zangu, ilikuwa nene, imejaa, ndefu, haina mwanya. Miaka yote kwenye bendi ya kiwanda, na mashine zao zote kubwa, sikuwahi kusikia gitaa langu hivyo. Machozi yalinitoka. Nikapaza sauti kumwelekea, nikasema, "Hapo hapo. Hapo hapo, usiachie."

Na sauti haikuachia. Ikaendelea, ikaendelea, nyuzi zile zile, na mkono wa mtu hauwezi kupiga hivyo bila kupumzika. Nikamngoja anitanie. Hakunitania.

Nikapanda mbio, nikamkuta amelala ubavu kwenye maji ya deki, vidole vya kushoto vimefunga shingo ya gitaa, na redio inanguruma. Niling'oa plagi. Ngurumo ikazimika, na yeye alikuwa ameshazimika. Tuling'oa mlango ukawa machela, tukambeba mpaka barabara ya Shinyanga, lori likatuchukua. Hospitali hawakuwa na la kufanya ila kutuuliza jina lake.

Ndalahwa ndiye aliyesimamia mazishi, maana ni mwenyekiti. Alisimama mbele ya kaburi na shati jeupe, akasema kazi ya Mungu haina makosa. Akaongeza kwamba wananchi waache kutumia mitambo isiyoruhusiwa majumbani. Watu wakaitikia kwa vichwa. Kijana anayemwendesha mwenyekiti kwa pikipiki ndiye aliyegawa chakula cha msiba, na sisi tukala.

Mutayoba aliporudi alikuja na mfuko wake wa vifaa, akapita katikati ya waombolezaji bila kusalimia, akapima soketi. Kitaa kikawaka kwenye tundu lisilotakiwa. Akapima tena. Akasema kwa sauti ambayo wote walisikia, "Nyaya zimegeuzwa kule juu. Aliyeunga hakutazama."

Kabla matanga hayajaanuliwa waya wote ulikuwa umeshushwa na kukunjwa, hata nguzo zilikuwa zimeng'olewa. Askari alipokuja kutazama alikuta mawe. Akaandika kwamba mtumiaji alijiunganishia mwenyewe.

Na Rwekaza alikuja Jumamosi yake kama alivyoahidi, amevaa koti, akakuta turubai na wanawake wanalia. Alikaa na wanaume mpaka jioni. Alipoaga alinishika mkono, akatazama lile sanduku la mbao za kitanda lililokuwa limetolewa nje, na sidhani alikuwa na nia mbaya alipouliza.

"Sauti ilipatikana?"

Nikamwambia ilipatikana.

Kazi alimpa mtu mwingine. Mimi siku hizi ndiye ninayekwenda Igogo kugombania vichwa na wanawake. Wananipisha kwa huruma, na huruma yao ni chungu kuliko miiba. Angela anamaliza shule kwa nauli ya kuomba. Gitaa lipo ukutani, halina nyuzi. Plagi ninayo, doa lake bado ni jekundu, rangi ile haitoki.

MAFUNZO

Mpenzi msomaji, kama una gitaa na huna amplifaya, na redio ya zamani inakutamanisha, jua kwamba inaweza kusema vizuri sana na ikaua. Isiyo na transfoma usiifungamanishe na kitu kinachoshikwa na mkono wa mtu. Alama ya rangi inaujua ukuta wa siku ile tu. Waya ukiguswa, hata na mtu mwenye cheo, kila kitu kipimwe upya, na anayepiga avae viatu vya mpira juu ya sakafu kavu. Taa kuwaka si ushahidi. Taa huwaka nyaya zikiwa sawa na huwaka zikiwa zimegeuzwa.

Na nyinyi mnaotuongoza, mlioshika mita, mlioshika viwanda mkaviachia, mnaotuunganisha kwa hisani na kutukata kwa hasira, sina mafunzo ya kuwapa, kwa sababu mafunzo hupewa anayelipia kosa lake. Kosa lenu alililipia Evelina.

Kwa hiyo nawarudia wenzangu wa mitaa ya chini. Kinachotoka kwa wakubwa, kiwe waya, kiwe ahadi, kiwe neno la "vilevile", pokeeni na bisibisi mkononi. Mimi nilisema asante kwanza. Wewe pima kwanza.