Nyuma ya Picha ya Mzee Obando

Kila asubuhi kabla ya shule, Dolphine aliteremka mtoni na mtungi wake. Ng'ombe walikuwa wameshatangulia. Walikunywa, wakakojoa humo humo, wakaondoka. Yeye alingoja tope litulie, kisha akachota. Mama yake, Mellen, aliyachemsha maji hayo kuni zilipopatikana. Zilipokosekana, watu walikunywa hivyo hivyo. Mdogo wake, Oliver, alikuwa ameharisha na kulazwa hospitali mara mbili mwaka huo. Mara ya pili walikaribia kumpoteza.

Kilichomkera Dolphine ni kwamba mabomba yalikuwepo. Mradi wa maji ulikuja kijijini kwao, karibu na Rodi Kopany. Watu walichimba mitaro kwa mikono yao, bila malipo. Mabomba yakaletwa na kurundikwa kando ya barabara. Kisha mafundi wakaondoka. Kila aliyeuliza aliambiwa angoje. Wakangoja mpaka mbuzi wakafanya mitaro kuwa mahali pao pa kulala.

Ndipo akafa Mzee Obando, mkubwa wa ukoo. Tangazo lake lilitoka gazetini pamoja na picha. Siku hiyo magazeti yaliisha Rodi Kopany mapema sana. Hata watu ambao hawakuwahi kununua gazeti walinunua. Kila nyumba ilikata ukurasa huo na kuubandika ukutani kwa uji. Na kila mtu alitafuta kitu kimoja tu, jina lake kati ya majina ya jamaa za marehemu. Baba yake Dolphine, Joash, hakuliona lake. Alinung'unika wiki nzima. Aliwaendea walioandika tangazo akawauliza kama yeye aliokotwa njiani.

Siku ya soko, Dolphine alitumwa kununua uzi kwa Mama Sainab. Mama huyu alitoka Garissa zamani, na sasa alikuwa na duka la vitambaa Rodi Kopany. Kila siku alisoma gazeti tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hata bei za mahindi.

"Hongera, binti," alimwambia. "Nimesoma kwamba mmepata maji."

Dolphine alidhani anataniwa. "Maji gani, mama? Sisi tunakunywa na ng'ombe."

Mama Sainab akatoa gazeti chini ya meza. Lilikuwa lile lile la tangazo la Mzee Obando. Akageuza ukurasa. Nyuma ya picha ya marehemu palikuwa na habari, na kijiji chao kilitajwa kwa jina. Afisa wa mradi alisema mabomba yamefika kila boma na wananchi wameshukuru. Wafadhili wangepokea kazi hiyo mwisho wa mwezi. Pesa zilizobaki zingepelekwa wilaya nyingine.

Dolphine alisoma mara mbili. Ukurasa huo ulikuwa nyumbani kwao, juu ya kiti cha baba. Walikuwa wameupaka uwongo uji na kuugeuzia ukuta. Ulikuwa katika kila nyumba, na hakuna mtu hata mmoja aliyegeuza karatasi. Hata yeye, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikuwa amesoma majina tu.

"Kwa nini wanaandika uwongo?" aliuliza.

"Soma vizuri. Nani amesema maji yamefika?"

"Afisa."

"Kuna mtu wa kijiji aliyeulizwa?"

Dolphine akatazama tena. "Hakuna."

"Basi mwandishi ameandika alichoambiwa. Kila habari ujiulize hivyo. Nani amesema, na nani hakuulizwa. Nyinyi hamkuulizwa. Lakini gazeti lina ukurasa wa barua za wasomaji. Huko huna haja ya kusubiri kuulizwa."

Dolphine aliandika barua hapo hapo dukani. Alimwita afisa mwizi. Alimwita fisi. Mama Sainab akaisoma, akaichana. Alimweleza kwamba hajamwona afisa akiiba. Alichoona ni mabomba kando ya barabara na mbuzi mitaroni, basi aandike hayo. Ataje gazeti la tarehe gani analijibu. Aandike mahali na jina lake la kweli. Barua iwe fupi. Tena, mtu mzima wa kijiji atie sahihi pamoja naye, ili mhariri ajue si mchezo wa watoto.

Nyumbani, Dolphine aliandika barua upya, lakini Joash alikataa kutia sahihi. Miaka hiyo watu waliogopa. Ukilalamika, uliweza kuitwa kwa chifu na kuulizwa kama unapinga serikali. Alisema msichana wa shule hawezi kupigana na wakubwa. Mellen alikuwa amempakata Oliver, ambaye alikuwa ameanza kuharisha tena.

"Baba," Dolphine alisema, "wiki nzima umelilia jina lako halikuwa kwa gazeti. Mzee amekufa, yeye hana shida na jina lako. Oliver bado yuko. Liweke hapa, chini ya barua."

Mellen alidhani binti yake atapigwa kofi. Joash alimtazama Oliver.

"Nyathina," alisema, "mwanangu, lete kalamu."

Barua ilichapishwa. Chifu akamwita Joash kweli. Joash alikwenda na gazeti mkononi, akamwomba chifu waende pamoja wakayaone mabomba. Chifu hakutaka kwenda. Lakini mwandishi wa gazeti alikuja kutoka Kisumu, akapiga picha za mbuzi mitaroni, na picha hizo zikatoka. Wafadhili wakakataa kupokea kazi. Mafundi walirudi haraka kuliko walivyoondoka, na mabomba yakalazwa mitaroni na kufukiwa.

Maji yalipofika bombani, Oliver aliacha kuugua. Dolphine na vijana wenzake wa kijiji nao walianza kuchanga na kununua gazeti moja. Walilisoma kwenye baraza ya duka la Mama Sainab, wakabishana kila habari, nani amesema na nani hakuulizwa.

Siku ya kufungua mradi, afisa alikuja na suti yake. Alimwambia mwandishi yule wa Kisumu kwamba sasa maji yamefika kila boma, hadi mlimani juu ya kijiji. Dolphine akasimama.

"Maji haijafika mlimani," alisema. "Watu wa huko bado wanachota mtoni. Tumetoka huko leo asubuhi."

Afisa alimwambia watoto hunyamaza wakubwa wakisema. Dolphine hakunyamaza. Wenzake nao wakasimama, wakasema wako tayari kumpeleka mwandishi akaone. Mwandishi akafuta mstari alioandika, akapanda nao mlimani.

Kesho yake vijana walilingoja gazeti barabarani. Liliandika wazi kwamba mlimani maji bado. Wenzake walishangilia, lakini Dolphine hakushangilia. Aliomba karatasi.

"Wamekubali haijafika," alisema. "Sasa tuwaulize itafika lini."