Maneno ya Hemedi

Nusaiba alikutana na mumewe kwenye foleni ya watu waliokuwa wanatafuta kuigiza mtu na mkewe.

Ilikuwa Jumamosi, Mikocheni, kwenye ghala lililokuwa zamani la magodoro. Uani palijaa wasichana wa kope za kubandika na wanaume wa suti za kuazima, kila mmoja na namba kifuani. Mwongozaji, jamaa mmoja anaitwa Fransis, alikuwa anairudia upya filamu ya zamani ya rangi nyeusi na nyeupe, ile ya bwana na bibi wapelelezi wanaokamata wezi huku wakitaniana tangu mwanzo hadi mwisho. Alitaka kuifanya ya Kibongo na ya leo. Bwana ataitwa Hemedi, bibi ataitwa Zamda, wanaishi Kinondoni, na badala ya kioo cha kukuzia wana simu mkononi.

Nusaiba kazi yake ilikuwa kupamba mabibi harusi. Alikuja kwa kusukumwa na wateja waliomwambia kila siku kwamba ana sura ya sinema. Alivaa gauni la rangi ya haradali na mtandio mweusi, na alikuwa akijiona amependeza mpaka alipotupa jicho kwenye mstari wa wanaume akamwona Anwar. Shati la bluu, kola haijapigwa pasi. Kola ile ndiyo iliyomuuma. Miaka sita aliinyoosha yeye, leo imekaa imejikunja mbele za watu.

Hawakuwa wameachana, na hapo ndipo ilipokuwa taabu ya kuieleza hali yao. Hapakuwa na kofi, wala tusi, wala mwanamke wa nje. Mama yake Nusaiba, Bi Tunu, aliumwa mguu, Nusaiba akaenda Kiwalani kumuuguza, mguu ukapona, na Anwar hakuja kumchukua. Kwa watu wao mke akienda kwao, mume humfuata. Anakuja na mfuko wa matunda, anakaa barazani, anazungumza mawili matatu na wakwe, kisha anaomba ruhusa waondoke. Mwezi ukapita, mingine ikafuata. Kurudi mwenyewe bila kufuatwa Nusaiba aliona ni kujidhalilisha. Lakini usiku na mchana alitaka jambo moja tu duniani, Anwar aje abishe hodi.

"Na wewe umefuata nini huku?" Anwar alimuuliza, mstari wa wanaume ulipojongea usawa wake.

"Nimekuja kutafuta mume. Wa kwangu kapotea."

Anwar alicheka kabla hajajizuia, na kicheko hicho kilimwingia Nusaiba mpaka kwenye mifupa. Mtu huyu alikuwa na sauti. Kazi yake ilikuwa kutangaza kwenye gari la matangazo, anazunguka Temeke nzima akiuza sabuni, dawa ya mende na mikutano ya hadhara, na maneno yanamtoka bila kuyatafuta. Nyumbani alikuwa anakula, anashukuru, analala.

Fransis alikuwa anawaita wawili wawili, wa mbele katika kila mstari. Nusaiba alipiga hesabu, akaona ataangukia kwa mzee mmoja wa kipara. Akampisha dada aliyekuwa nyuma yake, akasingizia kiatu kimekatika. Ndivyo walivyoingia pamoja.

"Mnajuana?" Fransis aliuliza akiwa bado anasoma karatasi zake.

"Kidogo," akasema Anwar.

Nusaiba alilimeza neno hilo likiwa na miiba yake, kwa sababu alitaka nafasi ile, na zaidi ya nafasi alitaka kukaa meza moja na mumewe. Wakapewa kipande cha kusoma. Hemedi na Zamda wanakunywa chai na kubishana nani kaiba mkufu wa bi harusi. Hemedi anasema mkewe angekuwa mwizi, yeye angemwoa mara mbili. Zamda anajibu kwamba angekuwa mwizi, angeiba mume mwingine. Waliposoma wao ghala zima lilicheka, na Fransis akainua macho kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akawaambia wengine asanteni, nendeni nyumbani.

Zikaanza siku ambazo Nusaiba alizihesabu kuwa za furaha. Mchana mazoezi Mikocheni, jioni mazoezi kwa simu. Bi Tunu akimsikia binti yake anacheka peke yake chumbani, anapunguza sauti ya redio ili asimkatishe. Siku moja Nusaiba alimvua Anwar shati kwenye chumba cha nguo za waigizaji, akaipiga pasi kola yake, Anwar kasimama na fulana akimtazama, na wote wawili hawakusema neno. Nusaiba alikichukulia kimya kile kuwa ni mapenzi yanayorudi kwa haya.

"Bi mkubwa, mwizi ulimwangalia machoni au viatuni?" Anwar alimuuliza jioni moja kwenye simu, kwa sauti ya Hemedi.

"Viatuni. Macho yangu yalikuwa na kazi, yalikuwa yanakutazama wewe."

Zikasikika karatasi zikipekuliwa. "Hiyo imo?"

"Haimo. Naongeza mie."

"Fransis hapendi kuongezewa, Nusa. Rudia ilivyoandikwa."

Akarudia ilivyoandikwa, huku anatabasamu. Alikuwa amesubiri mno, kiasi kwamba alisikia kile alichotaka kusikia. Akamwambia mama yake asishangae akiona mgeni wa matunda barazani, akafunga begi lake, akalisukuma chini ya kitanda tayari kwa safari.

Siku ya jaribio la kamera walikuja wenye mtaji wa filamu, wakakaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya kamera. Asubuhi hiyohiyo Fransis alikuwa amebadilisha ukurasa mmoja. Katika filamu ile ya zamani wapelelezi wanajifanya wamegombana ili mwizi aingie mtegoni. Fransis, mtu wa bara, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, akaona ugomvi peke yake umepoa. Watu wa hapa, alisema, hawaamini kwamba nyumba imevunjika mpaka wasikie talaka. Mwishoni Hemedi atamfuata mkewe na kumrejea, na ukumbi wote utalia.

Nusaiba alisoma karatasi, akamrudishia Fransis.

"Kaka Fransis, neno hilo kwetu halichezewi."

"Sista, hii ni sinema. Ingekuwa nyie ni mtu na mkewe kweli, hapo ningekuelewa."

Nusaiba akamgeukia Anwar. Sasa hivi atasema, aliwaza. Atasema huyu ni mke wangu wa ndoa, mimi siwezi, na mambo yataishia hapo. Hakutaka zaidi ya hilo. Anwar alikuwa anasoma ile karatasi taratibu, midomo ikicheza. Aliisoma hadi mwisho, akarudi juu akaisoma tena.

"Tuendelee," akasema.

Wakawasha kamera. Anwar akamtazama Nusaiba usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya muda mrefu, na akasema, "Mke wangu, mie nimechoka. Nimekuacha, talaka moja. Rudi kwenu."

Haikuwa sauti ya Hemedi, wala ile ya gari la matangazo. Ilikuwa sauti ndogo, ya chumbani, ambayo Nusaiba alikuwa hajaisikia tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Karatasi ilimtaka Zamda ageukie kamera akonyeze jicho, watazamaji wajue ni ujanja. Nusaiba hakukonyeza. Alibaki amesimama, machozi yanaharibu wanja aliojipaka mwenyewe, mpaka wenye mtaji wakapiga makofi na mmoja wao akasema wamewapata watu wao.

Bi Tunu aliposimuliwa alivaa baibui lake bila kuuliza swali la pili. Alimpigia Anwar simu, akamwamuru afike Temeke kwa Sheikh Mwinshehe, aliyewafungisha ndoa. Anwar alifika, akamwamkia mkwewe shikamoo, akavua viatu, akakaa mkekani mbali kidogo na Nusaiba. Sheikh alisikiliza kisa chote bila kumkatiza mtu. Alikuwa mtu mpole, na ilionekana wazi kwamba alitaka kuwapa njia ya kutokea.

"Msimulizi habebeshwi maneno ya anayemsimulia, mimi hivyo ndivyo nilivyosomeshwa," alisema mwishowe. "Lakini nia ya mtu anaijua mwenyewe na Mola wake. Kwa hiyo nakuuliza wewe, Anwar. Maneno yale yalikuwa ya nani?"

Nusaiba alishusha pumzi, maana jibu lilikuwa jepesi. Ya Hemedi. Aseme tu ya Hemedi, wanyanyuke waende zao. Nusura amjibie yeye. Anwar aliinamia mkeka, akawa anachokoa uzi mmoja uliotoka kwenye ukindu, anauchokoa na kuuchokoa.

"Nikisema ya Hemedi nitakuwa nimekudanganya, sheikh."

Bi Tunu akashika kichwa.

"Nilikuwa nayatafuta siku nyingi," Anwar aliendelea, bado anauangalia ule uzi. "Nilifikaga mpaka Kiwalani mara mbili nije nimwambie. Nikaishia kwenye kona ya duka, nikashindwa, nikarudi. Siku ile nikapewa yameandikwa."

Kumbe alikuja. Zile jioni ambazo Nusaiba alikuwa akikaa barazani na nywele zake zimechanwa vizuri, akisubiri hodi, mtu alikuwepo konani, na hakuwa amebeba matunda.

Sheikh hakuwa na la kufanya. Aliwaeleza kwamba imepita talaka moja, si zaidi, na kwamba mpaka eda iishe Anwar anaweza kumrejea mkewe kwa neno. "Lakini safari hii liwe lako," akamwambia, "usiazime."

Nje, Bi Tunu alipotangulia kutafuta bajaji, Nusaiba alimuuliza swali ambalo kila aliyeachwa huuliza.

"Nilikukosea nini, Anwar?"

"Hujanikosea kitu, na hilo ndilo linalonimaliza." Alisugua uso kwa viganja vyote viwili. "Nyumbani nikikaa nawe sina la kukwambia, Nusa. Natafuta, sipati. Pale kwa Fransis tulikuwa watamu kwa sababu kuna mtu alishatuandikia."

Nusaiba alitamani amchukie, ingemsaidia. Hakuweza, kwa sababu alijua anasema kweli, na pia kwa sababu kola ilikuwa imejikunja tena na mkono wake ulitaka kuinyoosha. Akauficha mkono kwenye mtandio, akapanda bajaji.

Akakaa akisubiri, na aliona aibu kwamba anasubiri. Simu ikilia anaikimbilia. Begi hakulifungua. Fransis alimpigia akiwa amekwisha kuujua ukweli, akaomba radhi mpaka sauti ikakauka, akisema kwamba angejua wale ni mtu na mkewe asingeandika mstari ule hata kwa kushikiwa panga. Kisha kwa aibu akamweleza kwamba wenye mtaji wameng'ang'ania. Wanawataka wao wawili kwa pamoja, la sivyo hakuna filamu. Limebaki kujaribiwa onyesho la mwisho, la kurejeana. Nusaiba alimwambia atafikiri.

Jumamosi moja mchana alikuwa Bunju, anamchora bi harusi maua ya piko mikononi. Nyumba imejaa mashangazi, udi unafuka, vigelegele vinaanza kabla ya wakati. Simu ikatetemeka kwenye mkoba. Ni Anwar, ametuma ujumbe wa sauti. Nusaiba aliomba udhuru, akatoka nyuma kwenye kamba za kuanikia nguo, akaweka simu sikioni.

"Mke wangu, nimekuja kukuchukua," Anwar alisema. "Nimekurejea. Shika begi lako twende, kesi haijaisha."

Sauti ilikuwa nzuri, ina tabasamu ndani yake, kila neno limekaa mahali pake. Nusaiba aliyafahamu maneno yale mpaka kwenye nukta. Yalikuwa ya onyesho la mwisho, ukurasa wa mwisho, na jibu la Zamda alikuwa nalo mdomoni, kwamba begi alilifunga siku nyingi. Lilikuwa jibu la kweli kuliko Fransis alivyopata kujua. Angeliandika tu, na kesho angekuwa nyumbani kwake akipiga pasi.

Aliusikiliza tena, safari hii si kwa ajili ya maneno. Alisikiliza baada ya maneno, pale mwisho, kama Anwar aliongeza chochote. Jina lake tu. Hata kikohozi cha mtu anayetafuta la kusema kingemtosha, angekipokea na kurudi nacho nyumbani. Palisikika gari likipita barabarani, kisha ujumbe ukakatika pale palipokatika karatasi.

Akamwandikia: "Haya ya nani?"

Simu ikaonyesha anaandika. Ikaacha. Ikaonyesha tena anaandika, na Nusaiba akaegemea nguzo ya kamba, akiomba Mungu kwa moyo wake wote.

"Kwani kuna tofauti gani Nusa," jibu likaja. "Fransis anataka kujua leo."

Nusaiba alilia hapo kwenye kamba, amejifunika shuka la watu lililokuwa linakauka, mpaka shangazi mmoja akaja kumwita kwamba bi harusi anachoka. Akafuta uso, akarudi ndani, akasingizia moshi wa udi. Alipoushika mkono wa yule binti, mstari wa kwanza ukamwendea kombo. Akaliweka chini piko, akachukua simu, akaandika:

"Mwambie Fransis atafute mke mwingine."

Kisha akaushika tena mkono wa bi harusi, akaendelea na ua pale alipoliachia.