Aproni Juu ya Kiti

Jua lilikuwa linazama na soko linafungwa. Mama Vitunguu alikuwa anafunika meza yake kwa turubai dada yake alipomjia akihema.

"Mdogo wangu, nimesahau miwani kule juu ukumbini. Nichukulie, magoti yananiuma."

"Na aproni yangu uliyokwenda kunifulia jana?"

"Haijakauka," dada akajibu, macho chini.

Mama Vitunguu akacheka, akapanda. Dada huyo ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki. Mwaka jana madaktari walimkatia tamaa, kisha ghafla akaamka buheri wa afya. Watu walisema ni maombi.

Ukumbi ule mkongwe ulikuwa juu ya soko. Wachuuzi walikutana humo tangu enzi za mabibi zao, kila mmoja na kiti chake. Asiyeweza kufika hutuma aproni yake iwekwe kitini. Hapo huhesabiwa yupo, na litakaloamuliwa, ameliridhia.

Akasukuma mlango. Nusu giza. Harufu ya vumbi... halafu harufu nyingine.

Vitunguu.

Viti vilipangwa duara, na hapakuwa na mkutano siku ile. Juu ya kila kiti, aproni kuukuu. Akaitambua ya muuza samaki, marehemu. Akaitambua ya mama yake.

Walimzika nayo.

Kando yake palikuwa na kiti cha dada. Juu yake, aproni ya Mama Vitunguu mwenyewe. Kavu kabisa.

Kriii... Viti vikasogea, vyote kwa pamoja.

"Alipougua, dada yako aliomba aachwe hai," sauti ya mama ikanong'ona. "Akasema utakaa wewe mahali pake. Wenzangu wanasema umeshakubali... si aproni hii hapa?"

"Mama, mimi sijui lolote!"

"Basi kimbia, mwanangu."

Alishuka ngazi akijigonga ukutani. Chini, dada alikuwa anafunga geti kwa nje. Miwani ilikuwa usoni pake.

"Umeshukaje?" akauliza.

Hakusema pole wala nisamehe. Alishangaa tu. Na mshangao ule ulimchoma Mama Vitunguu kuliko yote aliyoyaona juu. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Akapiga kelele mpaka mlinzi akaja kumfungulia.

Sasa anauza barabarani, mbali na soko, na dada hasemi naye. Ila aproni aliiacha kule juu, na hakuna anayethubutu kwenda kuichukua. Tangu jioni ile anamenya vitunguu kutwa nzima, na mikono yake hainuki vitunguu tena; harufu imebaki kule juu, kitini.