Mkono wa Kushoto wa Corinne

Ibada ya saa tano ilikuwa imekwisha na watu wanamiminika nje, kwenye chuo kikuu kimoja cha Kikristo pale Fort Worth, ngoma kubwa ya shaba ilipokuja mbio juu ya magurudumu ikamgonga Corinne Haskew kiunoni. Kahawa yote ikaishia kwenye gauni lake la njano.

"Mungu wangu!" ikatoka sauti nyuma ya ngoma. "Samahani sana, dada. Umeumia?"

"Lililoumia ni gauni. Hicho kitu unakiendesha bila leseni?"

Ndivyo alivyomjua Wendell Stroup, mwalimu wa ngoma, mrefu, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni. Corinne alikuwa mkutubi wa chuo hicho, na wafanyakazi waliruhusiwa kujifunza muziki bure. Wiki ileile akajiandikisha. Kanisani kwao watu huimba kwa sauti tupu, hata kinanda hakiingii, na kwa miaka yake ishirini na tisa hakuwahi kushika vijiti vya ngoma. Lakini tuseme ukweli jamani, si ngoma tu iliyompeleka.

Kila Alhamisi saa nane walikaa wawili tu kwenye chumba chenye mlango wa kioo.

"Kushoto, Corinne! Huo mkono mbona unachelewa kila siku?"

"Unakuonea haya, mwalimu."

Wendell alicheka mpaka akaangusha karatasi za muziki.

Wiki ya sita ikaja barua pepe kutoka ofisi ya muziki: kuanzia sasa atafundishwa na Profesa Ogletree, kwa ombi la Bwana Stroup mwenyewe.

Corinne aliisoma mara tatu. Kumbe amenichoka! Ilimuuma vibaya sana, kwa sababu alishampenda yule mtu, na hakuwa na la kuficha. Simu ikaita, Wendell. Akaikata. Ikaita tena, akaikata. Ya tatu aliipokea ili amseme.

"Ungeniambia usoni kwamba sifai!"

"Nani kasema hufai?"

"Umenitupa kwa Ogletree, mzee wa watu hata hasikii vizuri!"

"Kwa mkono wako ule, hiyo ni bahati yake."

"Wendell!"

"Nisikilize, mpenzi. Sheria ya chuo hairuhusu mwalimu kumtongoza mwanafunzi wake. Nimejaza fomu ili usiwe mwanafunzi wangu. Sasa napiga simu nikualike chakula cha jioni, nawe unanikatia!"

Corinne akakaa palepale sakafuni, katikati ya makabati ya vitabu.

"Yaani fomu imejua kabla yangu? Mjinga wee!"

"Nakubali."

"Basi chakula kitasubiri. Jumapili njoo kanisani kwetu, umwone mama. Na ngoma hakuna."

"Mikono nitaiweka wapi?"

"Shauri yako."

Alikuja kweli, na tai ya buluu, viatu vinang'aa. Waumini wakaanza kuimba, sauti nne zikapanda mpaka darini, na macho yakamtoka Wendell. Ubeti wa pili haujaisha, vidole vyake vikaanza kugonga benchi la mbele. Mama Haskew akageuka, akamkata jicho.

Corinne akanyoosha mkono, akaufunika wa Wendell na kuushika kwa nguvu. Alitumia ule wake wa kushoto.

Wendell akamwinamia sikioni. "Leo haujachelewa."